Nani anapita juu ya Wema usiku?

Kama hujawahi kulala Wema, hebu nikupe picha. Ni kijiji cha Wapokomo kando ya mto Tana, unashuka kidogo kutoka mji wa Garsen, kule mto unakoanza kujigawa kuelekea baharini. Miembe, migomba, mpunga msimu ambao maji yamekubali. Usiku ni giza la kweli, si lile la mtaani ambapo stima ikipotea bado unaona mwanga wa ploti ya jirani. Vyura wanapiga kelele mpaka masikio yanazoea. Ndiyo maana ndege ikipita usiku, kijiji kizima kinaisikia.

Mimi niliisikia Desemba moja nikiwa kwa shangazi. Mngurumo wa propela, chini chini, unatoka upande wa Witu unavuka mto. Mtoto wa mjini nikafanya kile vijana tunachofanya: nikatoa simu. Mtandao ulipokubali (ulichukua muda wake, jameni) nikafungua ile app ya kufuatilia ndege. Ikanionyesha ndege moja kubwa ya abiria iko juu kabisa inaelekea Ghuba, haina habari na sisi. Ile iliyokuwa inatetemesha mabati yetu haikuwepo kwenye ramani.

"Ni ya Wazungu wa Manda," akasema binamu yangu wa darasa la saba, bila wasiwasi wowote.

"Ni ya daktari, kuna mgonjwa mahali," akasema shangazi.

Mzee wa jirani, asubuhi yake, akasema ni KDF. Kila mtu na jibu lake, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuhakikisha. Tuwe wakweli: kutoonekana kwenye app si ushahidi wa siri yoyote. App hizo hutegemea vipokezi vya redio vilivyofungwa kwenye mapaa ya watu wanaojitolea, na ndege ikiwa chini na kipokezi kiko mbali, haionekani. Lakini ndege za kijeshi pia huweza kuzima mitambo inayotangaza zilipo. Ukiwa chini ya mwembe Wema, huwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Nilirudi Mombasa na swali hilo kichwani. Majeshi ya nje yakija kwetu, iwe kwa mazoezi au kwa kazi, nani anapanga anga ili ndege zetu za raia zisigongane nayo? Nikaanza kuchimba.

Mstari wa longitudo 40

Kitu cha kwanza nilichogundua kilinifanya nikae kitako. Januari 5, 2020, kabla ya jua kuchomoza, al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, unaotumiwa na Wamarekani pamoja na jeshi letu. Waamerika watatu waliuawa na ndege kadhaa zikaharibiwa. Wengi tunakumbuka hilo. Kile ambacho wengi hatukusikia ni kwamba wiki chache baadaye, Februari, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani, FAA, ilitoa ilani kwa marubani na mashirika ya kwao: muwe na tahadhari katika anga ya Kenya mashariki mwa longitudo 40, mkiwa chini ya futi 26,000.

Chukua ramani uangalie longitudo 40 inapita wapi. Mji wa Garissa uko magharibi yake, kwa hiyo uko nje. Mombasa pia iko nje. Malindi iko ndani, kwa chembe tu. Garsen iko ndani kwa chembe hiyo hiyo, na Wema iko mbele yake kidogo. Mtu aliyekaa Washington na rula amepitisha mstari karibu na mlango wa shangazi yangu, na shangazi hajui mpaka leo nilipompigia.

Sasa angalia ile namba nyingine, futi 26,000. Ndege kubwa zinazovuka kwenda Ghuba au Asia hupita juu ya hapo, kwa hiyo haziguswi sana. Zinazobaki chini ni zile zetu: Caravan na Dash 8 zinazotoka Wilson kwenda Lamu, helikopta za msaada, ndege za Flying Doctors za Amref ambazo zimekuwa zikibeba wagonjwa tangu 1957. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Wilson hadi uwanja wa kiraia wa Lamu ulioko kisiwa cha Manda, haupiti mbali na Garsen. Hiyo ni njia ya watalii wetu, ya wafanyabiashara, ya mama mwenye mimba iliyokuwa na shida.

Ilani ile haikufunga anga, na kisheria iliwahusu Wamarekani tu. Ilisema tahadhari, basi. Lakini ilani ya aina hiyo husomwa na kila mtu kwenye hii biashara, wakiwemo watu wa bima.

Halafu kuna kitu kuhusu Manda. Watu huchanganya. Uwanja wa Manda unaoshuka ukienda kula samaki Shela ni wa raia, uko kisiwani. Manda Bay ya kijeshi iko bara, upande wa Magogoni, na kutoka Wema ni kama kilomita 80 ukienda moja kwa moja kama kunguru. Kwa ndege hizo ni dakika chache. Na unajua mojawapo ya ndege zilizoharibiwa siku ile ya Januari ilikuwa ya aina gani? Dash 8 iliyogeuzwa kuwa ya upelelezi. Ukoo ule ule na zile zinazobeba abiria kwenda Lamu. Kwa hiyo binamu yangu na shangazi walikuwa wanabishana kuhusu sauti ambayo inaweza kuwa moja.

Jinsi inavyotakiwa kufanyika

Anga yote juu ya Kenya, na kipande cha Bahari Hindi, inahesabiwa kama eneo moja linaloongozwa kutoka Nairobi. Mwenye jukumu ni Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA. Jeshi nalo lina ndege zake na waongozaji wake. Dunia nzima ina tatizo hili: pande mbili, anga moja. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio katiba ya usafiri wa ndege, unasema mambo mawili yanayotuhusu. Ndege ya kijeshi ya nchi nyingine haiingii kwako bila ruhusa yako. Na nchi ikitunga sheria za ndege zake za kijeshi, lazima ijali usalama wa ndege za raia.

Hapo ndipo inaingia notamu. Hiyo ni ilani fupi wanayotumiwa marubani: uwanja fulani taa zimeharibika, mnara mpya umejengwa, au eneo hili kutakuwa na risasi za moto kutoka ardhini hadi futi kadhaa, kuanzia siku hii hadi siku ile. Kwa kawaida za kimataifa, mazoezi yanayohitaji kufunga kipande cha anga hutangazwa angalau siku saba kabla, isipokuwa ni dharura. Rubani anasoma, anabadilisha njia, anabeba mafuta zaidi kama njia imekuwa ndefu, na mwongozaji ndege anajua asimpeleke mtu pale.

Nilijaribu kusoma notamu moja. Manze! Herufi kubwa tupu, vifupisho kama vya telegramu ya babu, na saa zote ni za Greenwich. Ukiona 0600 usidhani ni saa kumi na mbili asubuhi. Ongeza saa tatu, inakuwa tisa za Kizungu, yaani saa tatu asubuhi kwa saa yetu. Mara ya kwanza nilikosea mara mbili kwenye mstari mmoja. Rubani amefunzwa kuzisoma. Mwenyekiti wa kijiji hajafunzwa, na wala hakuna anayemtumia.

Mazoezi yenyewe, yale makubwa yenye majina, kwa sasa hayafanyiki kwetu Tana. Yako juu huko Laikipia na Isiolo. Justified Accord ya Wamarekani imekuwa ikifanyika Kenya, na ile ya Februari na Machi 2024 ilikuwa na kitovu Nanyuki. Waingereza nao wana kikosi chao Nanyuki, na kwa miaka mingi wamekuwa wakifyatua silaha maeneo kama Archers Post. Wakifyatua, marubani wa ndege ndogo za kupeleka watalii Samburu wanatakiwa kujua. Lakini waulize wafugaji kama na wao hujulishwa vizuri hivyo. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa zaidi ya pauni milioni nne kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa porini bila kulipuka.

Huku Pwani mambo ni tofauti kidogo. Miaka ya 2000 Wamarekani na Wakenya walifanya mazoezi upande wa Lamu, lakini leo Manda Bay ni zaidi ya mazoezi. Ni kambi. Zoezi lina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, unaweza kuliandikia notamu. Kambi inaruka wakati inapotaka, na hapo usalama wa anga unategemea mazungumzo ya kila siku kati ya watu wenye sare na watu wenye vipaza sauti Mombasa na Nairobi. Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa ziarani Washington, Ikulu ya Marekani ilitangaza mpango wa njia ya ndege ya futi 10,000 hapo Manda Bay. Hiyo ni kilomita tatu, karibu sawa na ile ya uwanja wa Moi, Mombasa. Sijengi hadithi hapa, nasema tu kwamba njia ya urefu huo haijengwi kwa ajili ya Caravan.

Watu wasipoambiana

Unaweza kuniuliza, sasa shida iko wapi? Mbona mpaka leo hakuna lililotokea juu ya Garsen? Sawa. Lakini hebu niwape matukio matatu, kisha mseme wenyewe.

Oktoba 4, 2001, jeshi la Ukraine lilikuwa kwenye mazoezi ya makombora pwani ya Bahari Nyeusi. Shabaha ilikuwa ndege isiyo na rubani. Kombora moja la masafa marefu liliikosa, likaendelea mbele, likaikuta ndege ya abiria ya Siberia Airlines iliyokuwa inatoka Tel Aviv kwenda Novosibirsk. Watu 78 walikufa. Ukraine mwanzoni ilikana. Lilikuwa zoezi tu, wala hakukuwa na vita siku hiyo.

La pili ni la nyumbani zaidi, na hili lilinigusa. Mei 4, 2020, wakati sote tumefungiwa ndani na korona, ndege ya Kenya, Embraer ya African Express, ilikuwa inatoka Baidoa kwenda Berdale nchini Somalia ikiwa na vifaa vya matibabu. Ilipokaribia kutua ilipigwa na wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa ardhini. Wote sita waliokuwa ndani walikufa. Ripoti ya ujumbe wa Umoja wa Afrika ilieleza kwamba wanajeshi wale hawakuwa na habari ya ndege hiyo, wakaiona inapita chini kwa njia isiyo ya kawaida, wakadhani inakuja kujilipua. Unaona? Walikuwa na bunduki na walikuwa na hofu. Kile hawakuwa nacho ni ujumbe mfupi kusema saa fulani ndege fulani inakuja.

La tatu halikuua mtu, ila linaonyesha jinsi hata nchi tajiri hupitwa. Februari 21, 2025, meli za kivita za China zilitangaza zoezi la risasi za moto katika bahari iliyo kati ya Australia na New Zealand. Zilitangaza kwa redio, kwenye masafa ya dharura ya marubani, siku hiyo hiyo. Waongozaji ndege wa Australia walijua kupitia rubani wa Virgin Australia aliyesikia tangazo hilo akiwa angani. Ndege 49 zikabadilishiwa njia. Bahari ilikuwa ya kimataifa na China ilisema haijavunja sheria. Lakini fikiria wewe ni mwongozaji ndege, na habari za makombora kwenye eneo lako unaletewa na dereva!

Matukio yote matatu yana kidonda kimoja. Teknolojia ya kuwasiliana ilikuwepo. Mtu mmoja hakumwambia mwenzake kwa wakati.

Sasa rudi nami Tana. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipokuja, barabara ya Garissa kwenda Garsen ilikatika, vijiji vya delta vikawa visiwa. Aprili na Mei 2024 maji yakarudi tena kabla watu hawajakausha magodoro. Wakati kama huo chakula na dawa vinakuja kwa boti au kwa helikopta, na helikopta ya msaada hairuki juu. Iko chini, inatafuta paa lenye watu, inabadilisha njia bila mpango kwa sababu mtu amepunga shuka jekundu. Kwa macho ya askari asiyejua habari, hiyo ni "njia isiyo ya kawaida", maneno yale yale ya Berdale. Kanuni zinaruhusu ndege za wagonjwa na za uokoaji zipewe kipaumbele hata karibu na maeneo yenye masharti, lakini kipaumbele kinapatikana pale tu mwongozaji, jeshi na rubani wako kwenye mazungumzo mamoja. Siku ya mafuriko, minara imeanguka, simu hazishiki, ni nani anapiga hiyo simu?

Kuna rafiki yangu mpiga picha wa harusi, Malindi, ambaye alitaka kupeleka droni delta wakati wa maji ili kuonyesha ni wapi watu wamekwama. Nia njema kabisa. Kanuni za droni za 2020 zinataka usajili na kibali cha KCAA, na droni haitakiwi kupita futi 400 juu ya ardhi. Makaratasi hayo huwezi kuyamaliza ndani ya wiki moja ya mafuriko, kwa hiyo aliiacha kwenye begi. Alikasirika. Mimi nilikuwa upande wake mpaka niliposoma hizi habari, sasa niko katikati. Helikopta ikigonga droni yake juu ya watu waliokwama, hakuna atakayekumbuka nia njema. Lakini pia sioni haki kwamba kijana mwenye droni ya kilo moja anajulikana kwa jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, ilhali kile kinachopita juu ya mabati saa nane usiku hakina hata jina la kubishania.

Wenye ulinzi watasema siri ni muhimu, na ukiwa karibu na Boni wenyewe tunajua kwa nini. Mpeketoni 2014 haiko mbali na sisi, na mwezi uliofuata kituo cha polisi cha Gamba kilishambuliwa, hapo hapo kwetu. Hakuna mtu Wema anayetaka al-Shabaab wajue ratiba ya ndege za upelelezi. Hilo silipingi. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kuna habari ambazo si siri kabisa, tayari zimechapishwa kwa Kiingereza cha telegramu ili rubani yeyote duniani asome. Zoezi likiwa na notamu, eneo na saa zake zinajulikana mpaka Dubai. Kuzitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida na kuzisoma redioni, kuzituma kwa ofisi ya kaunti kule Hola, kwa machifu, kwa zahanati, kwa wanaopanga boti na helikopta za msaada, kunahatarisha nini?

Na upande wa pili wa simu uwepo pia. Kaunti ya Tana River inapopanga mafuriko, kwa sababu yatarudi, ipange na nani wa kumpigia ili helikopta ya kwanza isisubiri. Jina na namba, iliyobandikwa ukutani, basi.

Nilimpigia shangazi nikamweleza yote haya, ule mstari wa longitudo, zile futi 26,000, hata Berdale. Alisikiliza vizuri, akaniuliza kama nimekula, halafu akarudi kwenye jambo lenyewe.

"Kwa hiyo, baba, ile ya usiku ilikuwa ya nani?"

"Sijui, shangazi."

"Na ukitaka kujua, unamuuliza nani?"

Nimeandika barua pepe mbili kuuliza. Nikijibiwa, nitawaletea hapa hapa.